Muulize Mwalimu: Seremala wa Vienna na samaki wa Kigombe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22. Nilimaliza kidato cha sita, nafasi ya chuo sikuipata, na sasa niko kwa mjomba wangu kwenye karakana ya samani, Ngamiani. Juzi redioni nilimsikia mtangazaji akimtaja mwanafalsafa wa sayansi, Karl Popper, akasema aliwahi kuwa seremala. Nikaweka randa chini nisikilize, lakini kipindi kilikuwa kinaishia. Mjomba anasema falsafa ni maneno ya watu wasio na kazi, na kwamba fundi hawezi kutoka kwenye mbao akawa profesa. Naomba kujua kama ni kweli, na alitokaje huko. Na mwanafalsafa wa sayansi anafanya kazi gani hasa, ikiwa hakuvumbua kitu?
Mwanagenzi, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli tupu. Tena umenigusa mahali pangu, maana nilifundisha fizikia miaka 31 katika shule za mkoa huu wa Tanga, na Popper nilimsoma nikiwa karibu kustaafu. Natamani ningemjua mapema. Sababu utaiona huko mbele.

Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 28 Julai 1902. Mwaka huohuo Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti kule Amani, juu ya Muheza. Nakutajia hilo kwa sababu wanafunzi wangu hawakusahau mwaka pindi nilipoufunga kwenye jambo la nyumbani. Baba yake alikuwa wakili, na nyumba yao ilikuwa na vitabu zaidi ya 10,000. Kisha ikaja vita ya 1914, Austria ikashindwa, na baada ya vita pesa ya nchi ile ikaporomoka hata akiba ya maisha ya yule baba ikawa haina thamani. Karl aliacha shule akiwa na miaka 16, akawa anaingia madarasa ya chuo kikuu kama msikilizaji tu. Alihama kwao ili asiwe mzigo, akaishi na vijana wenzake katika mabanda ya hospitali ya kijeshi iliyoachwa. Alijaribu kibarua cha barabara, sururu ikamshinda nguvu. Ndipo mwaka 1922 akaenda kujifunza useremala.

Fundi wake aliitwa Adalbert Pösch. Mzee huyu alikuwa akimwambia: niulize chochote utakacho, mimi najua kila kitu. Alikuwa hata na ndoto ya mashine inayojiendesha milele bila kutiwa nguvu, ile ambayo fizikia inaikataa, akisema watu wanadai haiwezekani lakini siku ikitengenezwa watabadili maneno. Uzeeni, Popper aliandika kwamba kuhusu elimu na ujuzi, alijifunza mengi zaidi kwa seremala yule kuliko kwa mwalimu mwingine yeyote. Hakuwa anamdhihaki. Alisema kukaa na mtu ajuaye yote ndiko kulikomfanya aone jinsi yeye mwenyewe ajuavyo machache.

Sasa msomee mjomba kipande hiki. Karakana ile ilipata oda ya meza 30 za ofisini, za mbao za mahogani, ndugu yake mkangazi wetu, kila meza ina droo nyingi kweli. Kijana Karl alikuwa anatengeneza droo huku kichwa kinazunguka: tunajuaje tunachokijua? Mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya meza zile, hasa polishi yake, ziliharibika kwa ajili ya fikra hizo. Kwa hiyo mjomba ana haki ya kukuangalia kwa jicho la pembeni unapoacha randa kusikiliza redio. Lakini cheti cha ufundi Popper alikipata, mwaka 1924. Baada ya hapo alifanya kazi na watoto waliotelekezwa, akasomea ualimu, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1928, akafundisha shule. Kitabu kilichomjulisha kwa ulimwengu alikiandika akiwa mwalimu wa watoto, mchana darasani, mengine yote kwa muda wake mwenyewe.

Na kitabu hicho kina mjomba ndani yake! Mchapishaji alikataa kwa kuwa kilikuwa kirefu mno. Aliyekaa akakikata mpaka kikabaki kama nusu ni Walter Schiff, mjomba wake Karl, kaka wa mama yake, aliyekuwa profesa. Kilitoka mwishoni mwa 1934 kwa Kijerumani, na Waingereza hawakukisoma kwa lugha yao mpaka 1959.

Kilisema nini? Hapa naomba utulie, ndipo penyewe.

Rudi nyuma mpaka 1919. Popper hajafikisha miaka 17. Vienna ina njaa, na kila kona kuna mtu mwenye nadharia inayoeleza kila jambo. Yeye mwenyewe aliingia kwa Wakomunisti kwa miezi michache. Mwezi Juni polisi waliwafyatulia risasi vijana wasio na silaha kwenye maandamano, baadhi wakafa. Kilichomtisha, zaidi hata ya risasi, ni kusikia wakubwa wa chama wakisema vifo vile vinahitajika, kwa sababu nadharia yao inasema mapinduzi lazima yaje. Akajiuliza: mimi niliipima lini nadharia hii, hata nikubali watu wafe kwa ajili yake?

Wakati huohuo alikuwa akijitolea kwa Alfred Adler, daktari aliyeeleza tabia zote za watu kwa hisia ya kujiona duni. Siku moja Popper alimweleza habari za mtoto ambaye yeye aliona haingii kabisa katika maelezo hayo. Adler akaieleza bila shida yoyote, na mtoto mwenyewe hajamwona. Popper akamuuliza: una uhakika gani? Akajibiwa: kwa uzoefu wangu wa mara elfu moja. Kijana akamjibu kwamba basi na kwa huyu uzoefu umefika mara elfu na moja.

Sasa weka upande wa pili. Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa. Waingereza walikuwa wamepeleka makundi mawili, moja Sobral huko Brazil, lingine na Arthur Eddington katika kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika yetu hii. Einstein alikuwa ametamka kabla: mwanga wa nyota ukipita kando ya Jua utapinda, na utapinda kiasi hiki, kama mara mbili ya kile mtu angekipata kwa hesabu za Newton. Maana yake, kama picha zingeonyesha mwanga haukupinda hivyo, Einstein angekuwa ameanguka mbele ya dunia nzima. Picha zilipopimwa, matokeo yakawa upande wake.

Popper aliona tofauti. Adler hakuwa na kitu kinachoweza kumwangusha. Hata ungemletea mtu anayemsukuma mtoto mtoni na mwingine anayejitupa kumwokoa, wote wawili angewaeleza kwa hisia ileile. Einstein alikwenda na shingo yake mkononi. Ndipo Popper akasema: nadharia ni ya kisayansi pale inapotaja, kabla ya kipimo, jambo ambalo likitokea itabidi itupwe. Hakusema kwamba visivyopimika ni upuuzi, kama walivyosema wanafalsafa wengine wa Vienna wakati ule. Dini, ushairi na maadili vina mahali pake. Alisema tu visivae joho la sayansi.

Kwa nini asitafute uthibitisho badala ya kosa? Vitabu hutoa mfano wa bata maji weusi: hata ukiona elfu weupe, mweusi mmoja tu huivunja kauli kwamba wote ni weupe. Sisi watu wa Tanga hatuna haja nao. Tuna silikanti.

Samaki huyu alijulikana kwa visukuku tu, alama zake ndani ya mawe, na wataalamu walisema ukoo wake ulikwisha zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Kila jiwe jipya liliongeza uhakika. Desemba 1938, East London, Afrika Kusini, mhifadhi wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer akamwona mmoja katika rundo la samaki waliotoka baharini. Mmoja tu, mwanangu. Mawe yote yale hayakuweza kuthibitisha kwamba hayupo tena, na samaki mmoja alitosha kuibatilisha kauli nzima. Wa pili alipatikana Comoro mwaka 1952.

Mimi mwaka 1994 niliwaambia wanafunzi wangu, kwa sauti ya mwalimu, kwamba makazi ya samaki huyu ni Comoro, na wanaoonekana kwingine wamepotea njia. Ndivyo nilivyosoma. Miaka kumi baadaye nyavu za jarife zilizozamishwa kina kirefu zikaanza kuwatoa hapahapa, Kigombe na vijiji jirani, si mmoja si wawili. Nilipanda daladala nikaenda. Alikuwa amelazwa juu ya turubai, mrefu kama mtu, magamba kama ya chuma, mapezi yenye nyama yametokeza kama vijiti vya kutembelea. Wavuvi waliniambia akitoka majini ni wa buluu mwenye madoa meupe, na ile buluu hufifia akifa. Nilisimama pale nikaona fundisho langu limelala kwenye turubai. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga.

Umeuliza alivumbua nini. Nitakupa mtu mmoja. Mwaka 1937 Popper, ambaye wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyahudi, aliondoka Austria kabla Hitler hajaingia, akaenda kufundisha Christchurch, New Zealand. Huko alikutana na John Eccles, mtaalamu wa neva. Eccles alishikilia kwamba ujumbe huvuka kutoka neva moja hadi nyingine kwa umeme. Wapinzani wake walisema kwa kemikali, na ushahidi ulikuwa unamwelemea. Alikuwa amekata tamaa. Popper akamwambia si aibu nadharia kuanguka. Iandike wazi kadiri uwezavyo, kisha itafutie jaribio la kuiangusha. Eccles akafanya hivyo, na mwaka 1951 jaribio lake mwenyewe likaiangusha nadharia yake, angalau kwa neva alizozipima. Akahamia upande wa kemikali mara moja, akasonga mbele, na mwaka 1963 akapata Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo kazi ya mwanafalsafa wa sayansi. Ni kama yule anayeunoa msumeno wa mwenzake.

Yaliyobaki ni mafupi. Huko New Zealand, vita ikiendelea, aliandika kitabu kikubwa cha kutetea jamii huru dhidi ya udikteta, kikatoka 1945. Mkewe, Josefine, waliyemwita Hennie, ndiye aliyekipiga chapa, tena na tena, kwenye mashine chakavu. Mwaka 1946 wakahamia London, kwenye Shule ya Uchumi ya London. 1949 akawa profesa wa mantiki na njia za kisayansi. 1965 Malkia akampa cheo cha Sir. Hennie alifariki 1985, yeye akafuata tarehe 17 Septemba 1994, na majivu yake yakazikwa Vienna alikozikwa mkewe.

Mpe salamu mjomba wako. Na zile droo zimalize kwanza.

SWALI: Asalaam aleikum dada Mwalimu. Miye nauza samaki pale Deep Sea, si msomi, lakini safu yako husomewa na binti yangu. Amenisimulia habari za huyo Popper kwa kuwa wewe ulimgusia toleo lililopita. Nina neno. Zamani tukiumwa malaria tulipewa klorokwini. Tukaambiwa acheni, shikeni SP. Tukaambiwa acheni, shikeni mseto. Jirani yangu ananiambia dawa ya mizizi anayouziwa stendi haijabadilika tangu enzi za babu, kwa hiyo ndiyo ya kweli. Anayebadilika kila mara ndiye wa kuaminiwa?
Muuza samaki, Deep Sea

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Usomi si cheti. Swali lako lingempendeza Popper kuliko mengi aliyoulizwa London.

Klorokwini iliachwa kama dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, ikaja SP, na kuanzia mwisho wa 2006 ikaja mseto, ile ALu. Haikuwa wakubwa kubadili nia. Vijidudu vya malaria ndivyo vilivyobadilika vikazoea dawa, na hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu waliokuwa wakiangalia. Wilaya ya Muheza, hapo tu ukivuka Pongwe, ni mojawapo ya mahali walipofanya kazi hiyo: mtoto anapewa dawa, anafuatwa baada ya siku kadhaa, anatobolewa kidole, damu inatazamwa kwa hadubini. Vijidudu bado vipo? Basi dawa imeshindwa kwa mtoto huyu, andika. Wakishindwa wengi, dawa inaondolewa. Maana yake klorokwini ilikuwa inakaa mtihani kila siku, na siku ilipoanza kufeli matokeo hayakufichwa.

Sasa muulize jirani: hiyo ya stendi, ikishindwa, muuzaji husema nini? Nimewasikiliza watu hawa kwa makini nikisubiri basi. Ukipona, ni dawa. Usipopona, ulikula mwiko, au ulikunywa ukiwa na mashaka, au una husuda nyumbani. Haijabadilika kwa sababu haijaulizwa swali linaloweza kuiangusha. Ndiye Adler yule niliyemweleza kijana wa Ngamiani, mwenye jibu la kila mgonjwa kabla hajamwona.

Wala sisemi mizizi na majani ni uongo, Mungu aniepushe. Dawa mojawapo iliyomo ndani ya huo mseto wetu asili yake ni mmea, pakanga ya Kichina. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, aliifuata katika maandiko ya kale ya waganga wa kwao, akaona inashindwa alipoichemsha, akarudi kwenye maandiko, akabadili namna ya kuikamua bila moto mkali, akaipima upya. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Mti wa babu uliingia chumba cha mtihani ukatoka na cheti.

Wewe homa ikikushika, kapime kwanza. Hicho kipimo cha tone la damu ni cha Popper mtupu: kinakupa nafasi ya kuambiwa kwamba ulichodhani ni malaria si malaria.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, umemsifu sana Popper. Aliyehubiri kukubali makosa, je, yeye mwenyewe alipingwa akakubali?
Mstaafu mwenzako, Raskazone

JIBU: Alipingwa sana, mwalimu mwenzangu, na kwa haki. Mmarekani Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha 1962, alionyesha kwamba wanasayansi hawatupi nadharia kwa kosa la kwanza, na mara nyingi hufanya vyema kutoitupa. Sayari ya Uranus ilipoonekana haifuati hesabu za Newton, hakuna aliyemtupa Newton. Walihisi kuna sayari nyingine inayoivuta, wakapiga hesabu ya mahali ilipo, na mwaka 1846 Neptune ikaonekana Berlin. Kwa kanuni ya Popper ukiishika kikavu, wangekosea. Yeye alijibu kwamba sayari mpya nayo ni dai linaloweza kupimwa likaanguka, na jibu hilo lina uzito. Lakini mimi naona Kuhn aliwajua wanasayansi walivyo, na Popper aliwajua wanavyopaswa kuwa.

Kuhusu kukiri: aliwahi kuandika kwamba nadharia ya Darwin ya uteuzi wa asili si nadharia inayopimika, kisha mwaka 1978 akatangaza kuwa amebadili mawazo na kwamba inapimika. Alitamka waziwazi, akiwa na miaka zaidi ya 75. Lakini wengi waliofanya naye kazi walisema hakuwa mwepesi wa kupingwa ana kwa ana. Inaniuma kusoma hayo juu ya mtu ninayempenda, ila hayanishangazi.

Maana kuna jambo sikumwambia yule kijana wa Ngamiani. Ile siku ya 1994, niliposema silikanti ni wa Comoro, mvulana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi, alinyoosha mkono. Akauliza: Mwalimu, huku kwetu nani ameshusha nyavu huko chini akatazama? Darasa likacheka. Mimi nikamwambia wataalamu wameshatafuta, kaa chini. Sikuwa nimesoma popote kwamba wametafuta. Nilisema tu ili somo liendelee, na muhula ule wote hakunyoosha mkono tena.

Siku niliyosimama Kigombe mbele ya lile turubai nilimtafuta kwa macho kati ya wavuvi. Sikumwona. Nakumbuka uso wake na kwamba aliandika kwa mkono wa kushoto. Kama safu hii imekufikia, mwanangu, nipo Chumbageni, shule yetu ya zamani wanajua nyumba yangu. Njoo uniulize tena lile swali.